Leseni ya Kokoto: Kilomita Tisa Nukta Moja

Mama mkwe bado amesimama. Tumemwacha wima wiki nzima, na kwa umri wake si adabu, basi tumrudie upesi.

Kwa aliyechelewa: tuko ukumbini, shule ya msingi ya ufukweni, viti vya watoto, magoti ya wakubwa yamegusa videvu. Kampuni moja inaomba leseni ya kunyonya kokoto na mchanga chini ya bahari, kwa meli yenye bomba refu linaloshushwa majini kama mrija kwenye chupa ya soda. Sheria inataka wananchi waulizwe kwanza. Siku arobaini na mbili za kuwauliza zimekwisha, na huu ni mkutano wa kufunga.

Mbele wameketi watatu. Mkurugenzi wa ofisi ya leseni, mtu wa maneno machache na miwani miwili. Msemaji wa kampuni, ambaye mji mzima unamwita Bwana Tai kwa sababu ya ile anayoivaa shingoni hata jua likiwaka, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya yule wa angani. Na karani wa ofisi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, ambaye kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa bila kukunja uso.

Na aliyesimama kumwuliza swali ni mama wa mumewe.

Bi Vipimo wamemwita hivyo kwa haki. Miaka thelathini na mmoja, asubuhi na jioni, alikwenda gatini kusoma nguzo ya kupimia maji, akaandika daftarini yamepanda wapi na yameshuka wapi. Amestaafu, lakini jicho halijastaafu. Anapima mchele, anapima mazulia, anapima muda unaochukua kumfungulia mlango. Na asubuhi ya siku ile, kabla ya mkutano, alikuwa amekwenda ofisini kama mwananchi yeyote, akaomba jalada la kampuni, akalisoma.

"Namwomba karani atusomee mstari wa pili wa tangazo," alisema. "Kisha ukurasa wa tatu wa maombi ya kampuni. Kwa sauti, tafadhali, huku nyuma tuko wengi."

Karani alisoma. Tangazo, lile lililobandikwa sokoni na bandarini na kutolewa gazetini, lilisema kokoto zitachimbwa kilomita tisa nukta moja kutoka ufukweni. Akafungua ukurasa wa tatu. Akaipitia tarakimu kwa macho mara mbili. Akasoma hata hivyo, maana macho ya watu mia mbili yalikuwa yanamtazama mdomo.

Kilomita moja nukta tisa.

Watu walikuwa wanapiga hesabu. Tisa nukta moja ni mbali, hata mlio wa meli huusikii. Moja nukta tisa, mtu akipiga chafya melini, darasa la kwanza watageuka kutazama.

Kinyozi wa mtaa wa nyuma akainuka, akasema yeye tangazo alilisoma mwenyewe, akaona kilomita tisa, akalitumia gazeti kufungia sabuni. Wengine wakaitikia kwamba ndivyo na wao. Ndipo ikaeleweka kwa nini katika siku arobaini na mbili ofisi ilipokea maoni kumi na moja tu. Nane yalisema sawa. Moja liliomba kazi. Moja lililalamikia taa za barabarani. Na la kumi na moja lilikuwa la Bi Vipimo, kurasa ishirini na sita pamoja na michoro.

Bwana Tai alipewa nafasi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto wa jirani, kwamba tarakimu mbili zimebadilishana viti, basi. Kampuni haikumficha mtu, jalada lilikuwa wazi kwa yeyote, na bahari ni ileile.

"Bahari ni ileile," Bi Vipimo alikubali. "Shimo ndilo linalohama. Na shimo la baharini halikai tupu, bwana. Linajazwa. Ukilichimba kilomita tisa, linajazwa na mchanga wa huko. Ukilichimba hapa, litajazwa na huu ambao shule hii imekalia."

Mkurugenzi akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kutazamia watu. Akaahirisha mkutano hadi kesho yake saa sita mchana, na akamwagiza karani alete maelezo kwa maandishi: kosa limetoka wapi.

Karani akaandika agizo hilo kwenye kumbukumbu. Ndiyo kazi yake.

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa ofisini, mfagizi hajamaliza hata korido. Alikuwa ameomba njia nzima kosa liwe la mpiga chapa. Akafungua kabati, akatoa nakala ya kwanza, ile iliyotoka mezani kwake kabla haijaenda kokote.

Tisa nukta moja. Chini yake, saini yake.

Akatazama tarehe, na kumbukumbu ikamjia yote kwa mpigo. Jumatatu ile alikuwa anaandika tangazo huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Upande wa pili alikuwa Bi Vipimo, amempigia kumweleza kwamba pazia ambalo karani alimshonea kama zawadi limepungua sentimita nne, na sentimita nne zinaonekana. Simu ilichukua dakika kumi na saba. Tangazo liliandikwa ndani ya dakika hizo.

Karibu acheke. Mwanamke aliyeligundua kosa mbele ya watu mia mbili ndiye aliyekuwa sikioni kwake kosa lilipozaliwa.

Saa mbili kamili Bwana Tai aligonga mlango. Hakuja na bahasha wala vitisho, msomaji, usimwonee. Alikuja na karatasi moja iliyokwisha pigwa chapa, na kalamu. Karatasi ilisema kulikuwa na kosa dogo la uchapaji lisiloathiri maana ya tangazo, na ofisi inalisahihisha kuanzia leo. Akaeleza kwamba Mkurugenzi ana mamlaka ya kusahihisha makosa madogo bila kuwasumbua wananchi tena. Karani atie saini tu. Hakuna atakayepewa barua ya onyo, hakuna atakayeulizwa simu ya nani. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hilo la simu lilimshtua karani, maana hakuwa amemwambia mtu. Kisha akakumbuka aliyemwona Jumatatu ile ni mhudumu wa chai, na mhudumu wa chai hana kufuli mdomoni.

Mlangoni Bwana Tai aligeuka.

"Meli inahitaji fundi wa pampu," alisema. "Nimeona jina la mume wako kwenye orodha, la kwanza kabisa. Leseni ikitoka wiki hii, anaanza mwezi ujao. Ikibidi turudie siku arobaini na mbili, sijui kama nafasi itamsubiri."

Akaondoka, akaiacha karatasi mezani, kalamu juu yake.

Hapa nikueleze la nyumbani. Mume wa karani ni fundi wa pampu, na fundi hodari, ila kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa miezi saba iliyopita. Kwa miezi saba amekuwa akiamka saa kumi na mbili kama mtu mwenye pa kwenda, akinyoa ndevu, kisha akikaa. Mwezi uliopita alipoitwa kwenye usaili wa meli ya kokoto, alirudi akipiga mluzi. Karani hakuwa ameusikia mluzi ule tangu harusi.

Nyumbani ni dakika kumi kwa miguu. Alikwenda kwa dakika sita.

Alimkuta mume jikoni, aproni kiunoni, anachagua maharage. Akamweleza yote kwa mfululizo, amesimama, mkoba bado begani: tarakimu, simu, pazia, karatasi, kalamu, orodha. Mume hakumkatiza. Aliendelea kutupa mawe upande mmoja na maharage upande mwingine, taratibu, mpaka maneno yakamwishia mkewe.

Karani alikuwa tayari kwa ugomvi. Alikuwa tayari hata kwa machozi. Hakuwa tayari kwa swali hili.

"Mama anajua kuwa alikuwa yeye kwenye simu?" mume aliuliza.

"Hajui."

"Akijua atataka kupima nani mwenye makosa zaidi."

Akaosha mikono, akaifuta kwenye aproni, akakaa. Akauliza mkewe akitia saini ile karatasi itakuwaje. Karani akamwambia ukweli: leseni itatoka, meli itakuja, na watu wa ufukweni watakuwa wameulizwa habari za bahari nyingine. Mume akauliza, na asipotia? Atapata barua ya onyo, akasema, labda na zaidi. Siku arobaini na mbili zitaanza upya. Na wewe utakaa.

Mume akatazama sufuria.

"Nimekaa miezi saba," alisema. "Nimejifunza kupika. Nipe miwili mingine nitajifunza na kupiga pasi. Nenda kaandike kilichotokea, mke wangu. Mimi siwezi kuinyonya pwani anayoishi mama yangu halafu nije kula kwake Jumapili."

Karani akakaa kidogo kwenye kigoda, akalia kidogo, akaonja maharage ya jana, akaondoka. Njiani alisikia mluzi kutoka dirishani. Ulikuwa wa kujilazimisha, lakini ulikuwa mluzi.

Saa sita mchana ukumbi ulijaa kuliko jana. Waliokosa viti walikaa madirishani. Bi Vipimo alikuwa mstari wa mbele, daftari magotini, saa mkononi, kuona kama Mkurugenzi ataanza kwa wakati. Bwana Tai alikuwa ametulia, mguu mmoja juu ya mwingine.

Karani alisimama na karatasi mbili. Moja ilikuwa ile ya Bwana Tai. Akaiweka mezani bila kuigusa tena. Ya pili alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, mistari tisa.

Alisoma kwamba aliyekosea ni yeye, si kampuni wala mpiga chapa. Kwamba alikuwa anaandika huku anazungumza kwenye simu mambo yasiyohusu kazi. Kwamba kosa si dogo, kwa sababu tangazo liliwaambia watu jambo ambalo halikuwa kweli, nao wakaamua kukaa kimya kwa kuliamini. Na kwamba, kwa maoni yake kama mpokea maoni, wananchi hawajaulizwa bado.

Bwana Tai alishusha mguu.

Mkurugenzi aliiomba karatasi, akaipitia. Kisha akauliza, kwa upole uliomwogofya karani kuliko ukali, simu hiyo ilikuwa ya dharura?

Karani akafungua mdomo. Kusema ndiyo ni uongo. Kusema hapana na kumtaja mama wa mumewe mbele ya mji, hilo nalo lina adabu gani?

Hakuhitaji kuchagua.

"Haikuwa ya dharura," Bi Vipimo alisema kutoka mstari wa mbele. Alikuwa amekwisha simama, na daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. "Jumatatu, saa nne na dakika tano hadi saa nne na dakika ishirini na mbili. Simu zangu huwa naziandika. Nilikuwa mimi, nikimsumbua kazini kwa habari za pazia. Kama kuna barua ya onyo, na mimi niandikwe humo."

Ukumbi ulicheka, si kwa ubaya. Hata Mkurugenzi alilazimika kubadilisha miwani.

"Pazia lilikuwa na kasoro gani?" aliuliza.

"Limepungua sentimita nne. Bado limepungua."

Basi hukumu ikatoka, na ilitoka hivi. Karani apewe barua ya onyo, moja, iwekwe kwenye jalada lake. Tangazo lirudiwe kwa tarakimu sahihi, libandikwe pamoja na ramani, na siku arobaini na mbili zihesabiwe upya. Na kwa kuwa pande zote sasa zimevutiwa sana na vipimo, ofisi, kampuni na mwakilishi mmoja wa wakazi waende pamoja kwa boti Jumamosi asubuhi, wakapaone mahali penyewe.

Kinyozi alimpendekeza Bi Vipimo. Hakuna aliyepinga, na kama angekuwepo, asingethubutu.

Aliyepinga safari yenyewe alikuwa Bwana Tai. Kwanza alisema Jumamosi bahari itachafuka. Bi Vipimo akamsomea majira ya maji ya Jumamosi bila kuulizwa. Kisha akasema boti ya kampuni iko kwa fundi. Mkurugenzi akasema itumike ya ofisi. Ndipo ghafla ya kampuni ikawa imepona.

Jumamosi walikuwa wanne ndani ya boti. Nahodha, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, mwajiriwa wa kampuni kwa mwaka wa pili, ambaye aliwasalimu wote kisha akamaliza maneno. Bwana Tai, na tai. Bi Vipimo, na kikapu. Na karani, na daftari la ofisi, ambaye dakika ya tano tu uso ulikuwa umegeuka rangi ya ndizi mbichi.

Mama mkwe alimtazama, akaingiza mkono kikapuni, akampa kipande cha tangawizi, akamwambia atafune na atazame mbali, si chini. Kisha, bila kumtazama, akamwambia kwamba mwanawe alipita kwake jana na kumweleza habari ya orodha ya mafundi. Akasema hakujua kwamba barua ya karani ilikuwa na gharama hiyo. Karani akajibu haidhuru, Mama. Bi Vipimo akasema inadhuru, na akanyamaza, na akamsogezea kikapu akiegemee.

Kwa Bi Vipimo, msomaji, hayo ni mahaba.

Simu ya karani ilipoonyesha kilomita moja nukta tisa, nahodha alipunguza mwendo. Ufukwe ulikuwa karibu mno. Karani aliweza kuhesabu madirisha ya shule.

Maombi ya kampuni yalisema hapo kina ni mita kumi na nne. Karani akamwomba nahodha awasomee kipimo cha boti ili aandike. Kioo cha kipimo kilikuwa kimefunikwa taulo. Bwana Tai akajibu kabla ya nahodha: kimeharibika tangu Alhamisi, bahati mbaya, lakini takwimu za kampuni zipo, zimethibitishwa na wataalamu, na jua linazidi kuwa kali.

Nahodha alitazama taulo, kisha akatazama viatu vyake.

Bi Vipimo hakubishana. Alitoa kikapuni bildi, ile kamba ya mabaharia wa zamani yenye pande la risasi mwishoni, iliyofungwa kitambaa kila mita. Akasema maji leo yamejaa mita moja na nusu, kwa hiyo tutarajie kumi na tano na nusu, tukizidisha sana kumi na sita. Akalitupa pande la risasi majini, akaiachia kamba ipite vidoleni.

Alihesabu kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Tano. Kumi. Bwana Tai alikuwa anatazama simu yake. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kamba haikulegea.

Kumi na saba. Karani aliacha kutafuna tangawizi. Kumi na nane. Kumi na tisa. Bwana Tai alisema mkondo unaivuta kamba, haiendi wima, kipimo cha kienyeji hakiaminiki, na sasa inatosha, turudi. Ishirini. Kamba ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula. Ishirini na moja.

Kwenye ishirini na mbili ikalegea.

Bi Vipimo aliivuta polepole, akaligeuza pande la risasi kutazama chini yake, pale alipokuwa amepaka mafuta, kama mabaharia wa zamani, ili liokote kilicho sakafuni. Hakukuwa na mchanga hata chembe. Kulikuwa na matope meusi tu, laini, ya chini kabisa, yale yanayobaki mtu akishakomba kila kitu kilichokuwa juu yake.

"Leseni haijatoka," karani alisema, na aliisikia sauti yake kana kwamba inatoka kwa mtu mwingine.

"Haijatoka," mama mkwe alikubali. "Andika ishirini na mbili."

Bwana Tai alimwamuru nahodha ageuze boti. Alimwamuru mara mbili. Nahodha alinyoosha mkono, akaondoa taulo juu ya kioo cha kipimo, na kioo kilikuwa kinawaka kizima, tarakimu zinacheza. Kisha akazima injini. Ukabaki mlio wa maji ubavuni mwa boti.

"Mama," alimwambia Bi Vipimo, na yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu gatini, "hapa mlipopima ni ukingoni. Shimo lenyewe tulilolichimba liko kule mbele, upande wa shule."